Safari ya Mbweni, na Daftari la Babu

Wengi wenu mmekwisha kuiona Unguja, ama mmesimuliwa na waliofika, kwa hiyo sitawaeleza habari za karafuu wala za milango ya mji. Nataka kuwaeleza mwendo wa siku moja tu, toka Mkunazini hata Mbweni, niliokwenda na mjukuu wangu, mtoto wa kike wa miaka tisa. Na sababu ya kwenda ni deni la zamani, ambalo sina budi kulieleza kwanza.

Babu yangu alikuwa mwalimu katika nchi ya Bonde, nyuma ya Tanga. Alisoma Kiungani, huko Unguja, kabla chuo hicho hakijahamishwa kwenda Minaki mwaka 1925. Katika uzee wake alikuwa na sanduku la mbao chini ya kitanda, na ndani yake mlikuwa na Biblia, kitabu cha Sala, vitabu vya hesabu vilivyoliwa na mchwa pembeni, na daftari moja lenye jalada jeusi. Sisi watoto twaliruhusiwa kuvishika vitabu vyote tukiisha kunawa mikono, ila daftari hatukupewa. Jioni alikuwa akitusimulia kisa cha Goso, mwalimu aliyefundisha watoto kusoma chini ya mbuyu, hata paa akapanda kuiba matunda, buyu likamwangukia Goso kichwani akafa; na wanafunzi wake wakaenda kumtafuta aliyemwua, wakaushitaki upepo, na ukuta, na panya, na wengine wengi, kila mmoja akimsingizia mwenziwe. Twalicheka sana. Nalikuwa mtu mzima nilipojua ya kuwa kisa hicho kimo katika kitabu cha hadithi za Kiswahili alichokitoa Dakta Steere mwaka 1870, naye alizipata hadithi hizo kwa kuketi na watu wa Unguja na kuwasikiliza.

Basi mwaka 1962, nikiwa na umri wa miaka minane, upepo wa kusi ulivuma vizuri mno, na watoto wote wa mji wetu walikuwa wakirusha tiara. Mimi nalikuwa na uzi na njukuti za mnazi, lakini karatasi sikuwa nayo. Babu alikuwa amekwenda kanisani. Nikalivuta sanduku, nikalifungua lile daftari, nikachana kurasa mbili za katikati, kwa kuwa niliona zimeandikwa kotekote na tena zimegeuka rangi, nikadhani hazina kazi. Nikazikata, nikazigandisha kwa wali, nikarusha. Tiara ilipanda vizuri, kisha ikanasa juu ya mwembe.

Babu aliporudi aliitazama kwa muda mrefu. Akamtuma kaka yangu apande kuishusha. Mimi nalikuwa nikingoja fimbo, lakini hakushika fimbo, aliketi kizingitini, akanipa ile tiara, akasema, “Soma.” Nikasoma kwa taabu, maana mwandiko ulikuwa wa zamani, wa kulala. Ilikuwa habari ya siku aliyopelekwa pwani, yeye mtoto, apande jahazi kwenda Unguja chuoni. Nikafika mahali palipoandikwa, “Mama akanishika mkono, akaniambia,” na hapo karatasi imekatwa.

“Akakuambia nini, Babu?”

“Hayo umeyakata wewe,” akasema. “Siku utakapojua kuandika bila kuruka mstari, njoo nikutajie, nawe uyarudishe mahali pake.”

Nalijifunza kuandika. Nikaandika imla nyingi, nikashinda mitihani, nikaenda chuo cha ualimu. Lakini sikurudi kumwuliza. Si kwamba nalikataa. Nalisahau, kama kijana asahauvyo, nikidhani ya kuwa mzee yupo siku zote. Alifariki mwaka 1971, na daftari lenyewe likapotea nyumba ilipogawanywa. Nimefundisha watoto miaka mingi tangu hapo, na kila nimwonapo mtoto anayechana daftari moyo wangu hushituka, nami sina ujasiri wa kumkaripia sana.

Sasa nirudi kwenye safari. Twalivuka kwa boti kutoka Dar es Salaam, na asubuhi yake tukaenda Mkunazini, katika Kanisa Kuu la Kristo. Soko la watumwa lilikuwa mahali hapa, hata Sultani Seyyid Barghash alipolifunga mwaka 1873. Na Sikukuu ya Kuzaliwa Bwana ya mwaka uo huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Nje pana sanamu za mawe ndani ya shimo, watu wamesimama wamefungwa minyororo shingoni. Mjukuu wangu alizizunguka mara mbili hasemi neno, kisha akaniuliza, “Babu, hawa walikuwa na watoto?” Nikamwambia, “Wengi wao walikuwa ndio watoto.”

Maana ndivyo ilivyokuwa. Askofu Tozer na Dakta Steere walipofika Unguja mwaka 1864, wanafunzi wao wa kwanza walikuwa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa, nao Sultani Seyyid Majid akawakabidhi. Hawakuletwa na mama zao. Mmoja wao, John Swedi, alipata kuwa shemasi mwaka 1879. Na Dakta Steere, ambaye baadaye akawa Askofu, alikuwa na mtambo wa kupigia chapa, akawafundisha wavulana kupanga herufi za risasi moja moja. Mwaka 1867 kikatoka katika mtambo huo kitabu kidogo cha kuonyesha lugha ya Kishambala. Nami nikiwa mtu wa Bonde, jirani wa Washambala, nafurahi kila nikikumbuka ya kuwa maneno ya milimani kwetu yalipigwa chapa mapema hivyo. Steere alifariki mwaka 1882, na kaburi lake li nyuma ya altare.

Kutoka hapo twalipanda daladala kwenda kusini. Njiani tulipita upande wa Kiungani, nami nikamwonyesha mtoto kwa kidole, nikamwambia, hapo ndipo alipokuja kusoma babu wa babu zako. Hakuonyesha kustaajabu, alikuwa akila embe.

Lakini jina la Kiungani ndilo lililonifanya nifunge safari. Mwaka 1887 kilipigwa chapa London kitabu chenye jina hilo. Mwalimu A. C. Madan aliwaomba wavulana wa chuo waandike, kila mtu kwa mkono wake, habari za kwao: nyumba za baba zao, michezo, desturi, kisha siku waliyotekwa, na njia ya pwani, na jinsi walivyouzwa, na jahazi. Mle mna Wayao, na Wamakua, na watu wa nchi za Nyasa, na wengineo. Waliandika kwa Kiswahili, ambacho kwao kilikuwa lugha ya ugenini, na Madan akayafasiri kwa Kiingereza. Mimi, Mswahili wa kusoma na kuandika, nimeyasoma kwa Kiingereza maneno ambayo wenyewe waliyaandika kwa lugha yangu. Hilo laniuma kidogo hata leo.

Nilipokisoma mara ya kwanza nalikiweka chini mara nyingi. Watoto hawa walikuwa wamenyang'anywa vyote, hata majina yao mengine yamebadilika. Mama zao hawakuwaona tena. Lakini mara walipojua herufi na kupewa kalamu, jambo walilolikumbuka ni mashamba ya kwao, na mambo ya jikoni, na mwito wa mtu aliyewapenda. Hawakuyaruka. Nami niliyezaliwa katika nyumba yenye sanduku la vitabu, na babu aliye hai kizingitini, neno moja la kuandika nililoagizwa sikuliandika. Mwaka 1888, mwaka mmoja tu baada ya kitabu hicho, Kiungani walianza kutoa gazeti lao dogo, Msimulizi, lenye habari za wanafunzi waliotawanyika. Na kwa sababu hiyo ninyi mnaosoma karatasi kama hizi nyumbani kwenu ni ndugu zao wadogo.

Mbweni ni mahali pazuri, karibu na bahari. Shamba lake lilinunuliwa mwaka 1871, likawa makao ya watu waliotolewa utumwani, na shule ya wasichana ikajengwa. Bibi Caroline Thackeray alifika mwaka 1877, akawafundisha wasichana miaka mingi, akafa mwaka 1926, naye amezikwa hapo Mbweni. Kanisa la Mtakatifu Yohana lipo. Shule yenyewe ni gofu: kuta zimesimama bila dari, mizizi imeingia madirishani. Mjukuu wangu alikimbia toka chumba hata chumba, akiuliza wapi walikaa wadogo na wapi wakubwa. Mimi niliketi kivulini juu ya jiwe.

Hapo nikamweleza habari ya tiara. Sikuwa nimemweleza mtu, hata mama yake. Alinisikiliza akiwa amesimama, kisha akauliza lile lile nililouliza mimi: “Alimwambia nini?”

“Sijui, mwanangu. Nilikata.”

Akanyamaza. Baadaye akasema, “Hayo mengine yaliyobaki unayakumbuka?” Nikamwambia naam, baadhi. Jina la jahazi nalikumbuka, na mkate wa mahindi aliofungiwa, na jinsi alivyotapika njia nzima, na mvulana wa Pangani aliyempa nusu ya mkeka wake. Akafungua mfuko wake wa shule, akatoa daftari la hesabu, akaligeuza upande wa nyuma, akasema, “Basi taja, Babu, polepole.”

Nikataja. Aliandika pale gofuni hata jua likapinda, na kesho yake tukaendelea ndani ya boti, herufi zake zikipanda na kushuka kwa mawimbi. Mara mbili alinizuia, akasema nimeruka, maana nilisema yuko pwani kabla sijamtoa nyumbani. Tulipoingia bandarini Dar es Salaam alikuwa katika ukurasa wa nne, na jahazi la Babu lilikuwa halijang'oa nanga.