GUNIA MOJA LIBAKI NYUMBANI

Kijijini kwetu, karibu na mji wa Babati, sikukuu bila pilau si sikukuu. Iwe Krismasi, iwe Idi, watu hununua mchele wa Magugu na nyama ya mbuzi. Hutafuta bizari, iliki, mdalasini na karafuu. Jirani Mwislamu humpelekea Mkristo sahani, na Mkristo naye hurudisha. Ni desturi nzuri.

Lakini fedha za pilau zilitoka wapi? Nyumbani kwetu zilitoka katika mbaazi. Baba alipanda mbaazi pamoja na mahindi. Mahindi yalivunwa kwanza. Mbaazi zilifuata mwezi wa Agosti na Septemba. Wanunuzi walikuja na malori, na mbaazi nyingi zilipelekwa India. Baba aliuza zote. Hakubakiza hata debe moja.

Mwezi wa Agosti 2017, serikali ya India iliweka kikomo cha mbaazi za kununua kutoka nchi za nje. Bei ikaporomoka. Baba alikuwa amekwisha kukopa dukani, akitegemea mavuno. Magunia yakabaki ndani, na deni likabaki pale pale.

Krismasi ilipofika nilikwenda nyumbani. Hapakuwa na mchele. Baba alikaa peke yake karibu na zizi. Aliona haya kukutana na wageni. Mama akaniambia, "Mwanangu, tutapika tulicho nacho."

Usiku Mama aliloweka mbaazi. Alfajiri alimwaga maji yale, akatia maji mapya. Alichemsha kwanza mahindi aliyoyakoboa kwa kinu, kisha akaongeza mbaazi. Vilipoiva, alikaanga vitunguu na nyanya kwa samli, akachanganya vyote na kutia chumvi. Harufu ikaenea ua mzima.

Wageni walikula. Mzee mmoja, jirani yetu, aliomba sahani ya pili. Kisha akamwita Baba: "Ndugu yangu, njoo tule. Deni halilipwi kwa njaa." Baba akaja, akala kimya.

Mimi nilikula kwa aibu. Wiki chache kabla ya hapo nilisimama mbele ya ubao, nikawafundisha wanakisomo kwamba vyakula vya jamii ya kunde hujenga mwili. Niliandika: maharage, choroko, dengu, mbaazi. Kumbe nyumbani kwetu mbaazi zililimwa kila mwaka, na wadogo zangu hawakuzila. Sikuwahi kumwambia Baba neno.

Ndugu msomaji, gramu 100 za mbaazi kavu zina gramu 20 hivi za protini. Watu wa Pwani huzipika kwa nazi, wakala na mahamri asubuhi. Sisi tunaozilima tuliziona kuwa fedha tu.

Deni lile lilimalizika baada ya mavuno mawili. Tangu wakati huo Baba huuza mbaazi, lakini gunia moja hubaki nyumbani. Huanikwa vizuri, kisha hutiwa katika mfuko usiopitisha hewa ili wadudu wasizitoboe. Pilau bado tunapika, mkono ukiwa nacho. Usipokuwa nacho, sikukuu haituaibishi tena.

Maswali ya mazungumzo
1. Kwa nini Baba aliona haya?
2. Mwalimu alikosa nini?
3. Wewe unalima nini ambacho watoto wako hawakili?