Sehemu ya 14: Muziki ninaosikiliza nikitoka zamu ya usiku



Wiki iliyopita niligusia kwamba nikitoka zamu ya usiku silali mpaka nisikilize muziki kidogo. Basi meseji zimejaa. Wengine mnauliza ni kwaya gani, wengine mmeapa kabisa kwamba nesi wenu ni mtu wa taarabu, na dada mmoja kaniambia "lazima ni Bongo Fleva, wewe unaficha." Wote mmekosa. Ni Waingereza. Bendi inaitwa Pink Floyd na albamu inaitwa Pulse. Usicheke kwanza, soma mpaka mwisho, maana leo nina jambo la leba ndani yake.

Pink Floyd wanapiga roki ya aina inayoitwa progresivu. Kwa lugha yetu ya nyumbani: nyimbo ndefu, zinazobadilika katikati, haziharakishi kufika kwenye kiitikio. Kama umekulia nyumba yenye redio ya mzee, unakumbuka nyimbo za Sikinde na Msondo, wimbo unaanza taratibu, unasimulia kisa, magitaa yanajibizana, halafu chemko ndiyo inaingia. Ukiwa na subira ya kusikiliza zile, hii haitakushinda.

Pulse ni rekodi ya jukwaani, yaani laivu, imechukuliwa kwenye ziara yao ya 1994 Uingereza na nchi nyingine za Ulaya, ikatoka 1995. Ni CD mbili, zaidi ya saa mbili za muziki. Na jina lake, jamani, ndilo lilinifanya niigeuze ile kasha mara mbili. Pulse ni mapigo ya moyo. Yale ninayoyahesabu kwa vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wako huku naangalia saa, na wewe unadhani nakusalimia tu.

Ilikuja nyumbani kupitia mume wangu. Ni fundi redio, na kuna mteja alimlipa nusu ya hela na boksi la CD. Matoleo ya kwanza ya Pulse yalikuwa na kitaa chekundu ubavuni mwa kasha, kinawaka na kuzima kama moyo unavyopiga, betri imo ndani. La kwetu lilikuwa limekufa. Akalifungua, akabadilisha betri, kikaanza kuwaka. Akakiweka juu ya kabati chumbani, na mwanangu mkubwa akakipa jina: moyo wa redio.

Sasa niwaambie kwa nini naipenda.

CD ya pili ina kazi yao nzima ya 1973, The Dark Side of the Moon, wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho kwa mpangilio wake. Walikuwa hawajaipiga nzima jukwaani tangu 1975, kwa hiyo 1994 ilikuwa habari kubwa kwa mashabiki wao. Kazi ile inaanza na mapigo ya moyo, na kwenye albamu ya 1973 inaishia na mapigo ya moyo. Ni ngoma kubwa tu imepigwa hivyo, lakini sikio la nesi halidanganyiki kirahisi na lenyewe lilidanganyika. Ni moyo wa mtu mzima aliyetulia. Mtu mzima akipumzika moyo wake hupiga kati ya 60 na 100 kwa dakika. Mtoto aliye tumboni ni 110 mpaka 160, ndiyo maana mama wa kwanza akisikia kwa mara ya kwanza kliniki anashtuka, "Sista, mbona anakimbia hivyo?" Hakimbii, mama. Ndiyo mwendo wake.

Kati ya moyo wa kwanza na ule wa mwisho wanaimba habari za maisha ya kawaida kabisa: kupumua, muda kukupita, hela, ugomvi, akili kuyumba, kifo. Kwenye wimbo wa muda kuna saa nyingi zinalia kwa pamoja. Ziliporekodiwa, fundi mitambo wao Alan Parsons alizichukua moja moja kwenye duka la saa za kale, ndipo zikaunganishwa. Mtu yeyote aliyewahi kunyonyesha saa tisa usiku anaijua ile hali, saa zote za dunia zinalia kichwani mwako.

Lakini wimbo ulionifanya niandike leo ni The Great Gig in the Sky. Ni wimbo wa kifo, na hauna maneno. Mpiga kinanda wao, Richard Wright, alitunga mpangilio wa kinanda, halafu Januari 1973 wakamwita studio, pale Abbey Road London, mwanamke aitwaye Clare Torry. Alikuwa na miaka 25. Wakamwambia aimbe bila maneno. Akaingia, akatoa sauti: analia, ananguruma, anabembeleza, anapanda mpaka unahisi kifua chake kitapasuka, halafu anashuka taratibu mpaka kunong'ona. Alipomaliza aliona aibu, akadhani hawataitumia. Alilipwa pauni 30. Ilipofika 2004 alikwenda mahakamani kudai haki ya utunzi, wakamalizana 2005, na tangu hapo jina lake linaandikwa pamoja na la Wright. Miaka zaidi ya thelathini kwa sauti ambayo mwenyewe alidhani ni fujo.

Hapa ndipo leba inapoingia.

Nimefanya kazi mahali ambapo mama akipiga kelele anaambiwa "nyamaza, wenzako mbona wametulia?" Nimeona mama anang'ata khanga ili asisikike. Nimeona mama mkwe amesimama mlangoni anasema mwanamke halisi anazaa kimya. Na nimeona yule aliyenyamaza ndiye tuliyechelewa kumfikia, kwa sababu kila mtu aliona "yeye hana shida." Aliishia kuongezewa damu chupa mbili. Yuko hai, mtoto yuko hai, lakini mimi tangu siku ile simwambii mama yeyote anyamaze.

Sauti ya leba haina maneno na haihitaji maneno. Ukiisikiliza vizuri inakueleza mambo. Kuna ile ya juu ya mtu anayeogopa, pumzi fupi fupi, mabega yamepanda. Huyo namshika mkono, namwambia legeza taya, toa sauti ya chini, itoke tumboni. Na kuna ile nzito ya kukoroma ambayo mkunga mzoefu akiisikia hata akiwa upande wa pili wa korido anavaa glovu, anajua mtoto anakuja. Nilipousikiliza wimbo ule mara ya kwanza nikiwa bado na soksi za kazini miguuni, nilijiambia huyu mwanamke anaimba kifo, lakini mimi nimeshasikia hivi hivi watu wakizaliwa.

Sasa sikilizeni tofauti ya studio na jukwaani, maana ndiyo uzuri wa albamu ya laivu. Studio aliimba Clare Torry peke yake. Aliimba mara chache, wakachagua vipande vilivyo bora wakaviunganisha. Kwenye Pulse wanaimba wanawake watatu: Sam Brown, Claudia Fontaine na Durga McBroom. Wanapokezana. Mmoja anaubeba mpaka pale, anaushusha, mwenzake anaudaka ulipo, na wa tatu anamalizia. Jukwaani hakuna kukata na kuunganisha. Ziara ile ilikuwa ya miezi zaidi ya sita, na London peke yake, ukumbi wa Earls Court, walipiga usiku 14 mwezi huo mmoja wa Oktoba. Kuibeba sauti ile peke yako usiku baada ya usiku, koo lingekwisha.

Wengine watasema ya studio ni bora, mmoja aliweza kwa nini wawe watatu. Mimi nasikia kukabidhiana zamu. Saa moja na nusu asubuhi, wa usiku anamwambia wa asubuhi: kitanda namba nne njia imefunguka sentimita sita, kitanda namba saba presha imepanda, mwangalie. Halafu anavua aproni, anaondoka, na mgonjwa hajaachwa hata dakika moja. Kila wakibadilishana kwenye ule wimbo nangoja kusikia pengo, na pengo halipo.

Nilipojifungua mwanangu wa pili nilikuwa nesi tayari, najua kila kitu kwa vitabu. Wiki ya tatu nilikuwa nalia bila sababu, silali hata mtoto akilala, chakula kinanishinda. Mume wangu alimpigia simu mama yangu. Akaja. Wifi yangu akaja wikiendi. Jirani yetu, mama mtu mzima mwenye genge la mboga, akawa anachukua mtoto kila jioni baada ya kunyonya, anakaa naye barazani saa nzima ili mimi nioge na nilale. Wanawake watatu, hakuna aliyekuwa na utaalamu wowote, walipokezana mpaka nikasimama. Mama akanipeleka pia kliniki nikaongee na daktari, na nilienda. Usiku, wakati wote wamelala, kile kitaa chekundu juu ya kabati kilikuwa kinawaka na kuzima, nami nilikuwa navuta pumzi kwa mwendo wake.

Kwa hiyo mama unayesoma hapa ukiwa na kichanga kifuani: kulia lia na kuyumba hisia siku za kwanza kunawapata wengi na hupungua. Ikipita wiki mbili bado huzuni iko pale pale, au hulali, au humtaki mtoto, nenda kituo cha afya ukaseme. Yakikujia mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usingoje kesho, mwambie mtu sasa hivi akupeleke. Huo ni ugonjwa na unatibika. Na ninyi mlio karibu naye, msiulize "nikusaidie nini?" Mchukueni mtoto. Osheni vyombo. Dakeni mzigo ulipo.

Kuna wimbo mwingine karibu na mwisho, Comfortably Numb, wa mwanamuziki aliye hoi ambaye daktari anamchoma sindano ili aweze kupanda jukwaani. Aliyeandika maneno yake, Roger Waters, alisimulia kwamba aliwahi kuchomwa sindano hivyo Marekani mwaka 1977 kwa maumivu ya tumbo, akapiga shoo hajielewi. Hakuuliza mtu kwa nini anaumwa, walitaka tu shoo iendelee. Kila siku nakutana naye huyo mtu, ila amevaa dera na amebeba mtoto. "Mama unaendeleaje?" "Nzuri tu." Shoo inaendelea. Studio wimbo ule ni dakika 6 na kidogo, kwenye Pulse unapita dakika 9, na nyongeza kubwa ni gitaa la David Gilmour mwishoni. Anapiga, anapiga, kama mtu aliyeruhusiwa hatimaye kusema palipouma. Mimi huwa nalala baada ya hapo.

Waters mwenyewe hayupo kwenye Pulse, alishaondoka 1985. Mpiga saksafoni Dick Parry yumo, yule yule wa 1973. Usiku wa mwisho pale London ulikuwa 29 Oktoba 1994, na hawakufanya ziara nyingine tena. Wright alifariki kwa saratani 2008, Claudia Fontaine naye akafariki 2018. Nikisikia makofi ya ule umati huwa nawaza hivyo: wote walikuwepo, walikuwa wanapumua, na kuna mtu alikuwa amewasha mashine.

Sasa ushauri wa nesi, maana najua mtaenda kuitafuta leo leo. Mwenye mimba, usiweke hedifoni tumboni wala usikae karibu na sabufa, mtoto anasikia vizuri tu ukisikiliza kwa sauti ya kawaida. Kuanzia kama mwezi wa sita anaitikia sauti, na anayoijua kuliko zote ni ya kwako. Mwenye kichanga, sauti iwe ya chini kiasi kwamba mnaweza kuongea bila kupaza. Zile saa za ule wimbo wa muda zinalia ghafla, zitamshtua, nawe utanitumia meseji za matusi. Na usitegemee muziki utibu chochote. Homa ni ya kituo cha afya, sio ya Pink Floyd.

Akina baba, leo nina swali lenu: nani alimpokea mke wako zamu usiku wa jana? Jibuni kwenye komenti, nasoma zote.

Jumapili tukijaliwa tutaongelea manjano kwa mtoto mchanga, ipi ya kawaida na ipi ya kukimbilia hospitali. Anayetaka kuuliza mapema aulize. Mimi leo niko usiku tena.