Nusu Siku katika Msitu wa Karura

Akina mama wengi wa Nairobi huupita msitu wa Karura wakiwa ndani ya matatu, lakini hawajauingia hata mara moja. Zamani walikuwa na sababu, kwani msitu huo ulijulikana kwa wanyang'anyi. Siku hizi umezungushiwa ua wa umeme, una walinzi, na njia panda zake zina vibao vyenye nambari.

Unapopanga matembezi, mfikirie kwanza mtoto wako mdogo kabisa. Njia ipimwe kwa miguu yake, si kwa miguu ya kaka yake mwenye mbio. Kutoka lango la Limuru Road mpaka maporomoko ya maji ya mto Karura na kurudi, tenga saa tatu pamoja na mapumziko. Karibu na maporomoko kuna mapango ambayo wapiganaji wa Mau Mau waliyatumia kujificha.

Fikeni mapema, saa mbili asubuhi. Ulizia kiingilio na namna ya kulipa kabla ya kuondoka nyumbani. Wavae raba na sweta. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, njia huteleza.

Chakula kiwe chepesi: viazi vitamu, mayai ya kuchemsha, chapati. Kifungie kwenye mkebe, kwa maana kima hunyakua chakula mkononi mwa mtoto. Maji yatiwe katika chupa ya kutumia tena. Chupa za plastiki za kutupwa zimepigwa marufuku misituni nchini Kenya tangu Juni 2020.

Mkipumzika, waeleze watoto habari za Wangari Maathai. Sehemu za msitu huu zilikuwa zimegawiwa watu binafsi wajenge majumba. Tarehe 8 Januari 1999 alikwenda pamoja na wenzake kupanda mti, akapigwa, akajeruhiwa kichwani. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Kivuli mnachokalia kilipiganiwa na mama mwenye watoto watatu.

Jambo la mwisho, mama: chemsha maharagwe na ufue nguo siku iliyotangulia, na kila mtoto apewe kazi yake. La sivyo, utatembea msituni huku moyo ukiwa jikoni. Baba naye abebe kikapu. Kazi za nyumba haziishi, lakini utoto huisha upesi.