Marrakech: Muulize Uliyemchagua Wewe



Msimu wa likizo ukaribiapo, familia nyingi za pwani yetu huanza kuulizana habari za safari, na siku hizi jina la Marrakech limeanza kusikika barazani. Mimi nilijaaliwa kuuzuru mji huo pamoja na mamangu na binti yangu mwenye umri wa miaka 16, bila ya mwanamume kati yetu. Tangu turudi, akina dada wamekuwa wakiniuliza swali moja: je, wanawake peke yao wako salama kule? Jawabu langu ni ndiyo, ila kwa sharti. Na sharti lenyewe halihusu mkoba na kufuli pekee. Lahusu haya zetu.

Marrakech ni mji wa ukingo wa jangwa. Uliasisiwa mnamo mwaka 1070 hivi na Murabitun, watu waliotokea Sahara, ukawa kituo kikubwa cha misafara ya ngamia. Mji wake mkongwe, ambao UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1985, umezungushiwa ukuta wa udongo mwekundu, na ndani yake vichochoro vimefumana kama ukili wa mkeka. Aliyekulia Mji wa Kale wa Mombasa, au Lamu, atajiona yuko kwao: milango mizito, ua ndani ya nyumba, adhana kutoka kila upande. Hata Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier katika nchi hiyo hiyo ya Moroko, alilala Mombasa usiku mmoja mwaka 1331 akiwa njiani kwenda Kilwa. Undugu upo, tena ni wa kale.

Lakini undugu huo ndio hutulegeza. Mwanamke wa kwetu akifika London hukumbatia mkoba wake na kumwogopa kila amkaribiaye. Akifika mji wa Waislamu, akaitwa “ukhti”, moyo hufunguka, na macho nayo hufumba.

Ulaghai wa Marrakech aghalabu si wa kisu. Kijana hukujia na salamu njema. Hukwambia kwamba njia uliyoishika imefungwa, au kwamba leo ndiyo siku ya pekee ya kuyaona madabagho ya ngozi. Hukuzungusha vichochoro kumi, kisha hudai pesa mahali ambapo hujui kurudi. Silaha yake ni soni yako: waona vibaya kumkatiza Mwislamu mwenzio aliyekuanza kwa salamu. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, na kule nililiona hilo kwa macho yangu.

Siku ya pili tulikuwa tukielekea Msikiti wa Kutubia kuswali alasiri. Mnara wake wa karne ya 12 huonekana kutoka mbali sana, lakini ukishaingia vichochoroni hupotea mara moja. Akatokea kijana mmoja, akatwambia msikiti u upande wa pili, akaanza kututangulia. Binti yangu alikwisha inua mguu kumfuata. Mamangu, ambaye Kiarabu cha kule hakielewi hata neno, akaketi kwenye kizingiti cha duka la viungo.

“Mimi hapa siondoki, mwanangu,” akasema. “Huyu katuchagua yeye. Na sisi tumchague wetu.”

Akamwashiria mama mmoja aliyekuwa akipimiwa bizari dukani, akanionesha kwamba huyo ndiye wa kuulizwa. Yule mama akasikiliza, akamgeukia kijana, akamwambia neno moja: “Safi!” Kwetu safi ni kitu kisicho na taka, kwao, katika mazungumzo ya kila siku, ni “basi, yatosha”. Kijana akaenda zake bila ya kinyongo. Msikiti ulikuwa mbele yetu, njia ile ile tuliyoishika tangu mwanzo.

Hekima ya mamangu ndiyo iliyotuongoza siku zote zilizobaki. Anayekujia barabarani amekuchagua kwa haja yake. Mwenye duka, au mama mwenye kikapu, umemchagua wewe. Kuitikia salamu ni wajibu, lakini kumfuata aliyesalimu si wajibu. Sema “la, shukran”, na miguu isisimame. Ukitaka kiongozi wa kweli, tafuta mwenye kitambulisho rasmi, na mpatane bei kabla ya hatua ya kwanza. Ukisumbuliwa kwa maneno machafu au kwa kufuatwafuatwa, paza sauti. Sheria ya Moroko iliyoanza kutumika Septemba 2018 huwaadhibu wanaowabughudhi wanawake hadharani. Polisi wa mjini huitwa kwa nambari 19, na gari la wagonjwa kwa nambari 15. Nasi tuna neema nyingine: misikiti mingi ya Moroko haiwaruhusu wasiokuwa Waislamu kuingia, lakini sisi ni kwetu. Saa za sala, upande wa wanawake ni mahali pa kupumzika na kuulizana habari na wenyeji.

Katika uwanja wa Jemaa el-Fnaa wako wapakaji hina ambao huushika mkono wako na kuanza kuchora kabla hujakubali. Hapa mwanamke wa pwani hahitaji mwalimu. Hina halisi huacha rangi ya chungwa, kisha hukolea kuelekea wekundu. Iliyo nyeusi tangu mwanzo ina kemikali ya rangi ya nywele, sawa na piko la kwetu, na huweza kuichoma ngozi na kuacha kovu. Mkono wa binti yako uwe mikononi mwako. Pia jiepusheni na nyani na nyoka wa maonyesho; ukiwapiga picha utadaiwa pesa, na nyani huuma.

Joto la Julai na Agosti hufika nyuzi 37, na mara nyingine hupita 40. Sisi tumezoea joto la kutoa jasho. Lile ni kavu, jasho hukauka kabla hujaliona, nawe hujui kwamba mwili umekwisha maji. Kunyweni kabla ya kiu, na mpumzike baina ya adhuhuri na alasiri. Vichochoroni mkisikia “Balak!”, ondokeni njiani upesi, punda na mkokoteni wamefika. Na kwa kuwa tetemeko la tarehe 8 Septemba 2023 liliua watu karibu 3,000, wengi wao katika vijiji vya milima ya Atlas, jueni tangu usiku wa kwanza njia ya kutoka chumbani hadi mahali pa wazi.

Majumbani mwetu tunawafunza mabinti kuinamisha sauti, na ni malezi mema. Lakini binti aliyefunzwa kunyamaza tu hatajua la kufanya siku atakapoongozwa pasipo njia na mtu mwenye maneno matamu. Tuwafunze pia neno “hapana”, lisemwe kwa adabu, na lisikike. Haya ni pambo la muumini. Haikuwekwa iwe kamba ya kuvutwa na kila apitaye. Mwenyezi Mungu awalinde wasafiri wetu wote, awarejeshe salama. Amin.