Je, Kuku Hupenda Kupakatwa?

Katika nyumba nyingi nilizofika, bara na pwani, nimemwona mtoto aliyemchagua kuku mmoja katika kundi akamfanya wake. Humpa jina, humpakata kama mtoto mchanga, humtembeza uani akiwa amemtia kwapani, na mtu akimwuliza kama kuku huyo apenda kubebwa, hujibu upesi, "Tazama alivyotulia!" Nami hufurahi kuona mapenzi hayo, lakini jibu lile hunitia shaka siku zote. Kutulia ni jambo moja, na kuwa na raha ni jambo jingine. Hata mwizi aliyezungukwa na umati wa watu hutulia.

Yafaa tujue kwanza kuku alitoka wapi. Asili yake ni kuku mwitu wa misitu ya Asia, upande wa kusini-mashariki. Mifupa ya zamani kabisa ambayo wataalamu wameikubali kuwa ya kuku wa kufugwa ilionekana Ban Non Wat, katika nchi ya Thailand, na waliotangaza habari hiyo mwaka 2022 waliikadiria kuwa ya baina ya mwaka 1650 na mwaka 1250 kabla ya kuzaliwa Kristo. Muda huo wote kuku amekaa na watu, akala makombo yao na kulala katika vibanda vyao, lakini jicho lake limebaki jicho la msituni. Yeye hutafuta chakula chini, akichakura majani na udongo, na adui amwogopaye sana humjia kutoka juu. Mwangalieni mwewe apitapo. Jogoo hutoa mlio mmoja mwembamba, na mara vifaranga wote hutoweka chini ya mbawa za mama yao na chini ya vichaka. Akija paka au nguchiro, mlio ni mwingine kabisa, wa kukatakata na wenye kelele nyingi. Basi mtoto ainamapo na kunyosha mikono miwili, ijapokuwa moyo wake umejaa mapenzi, kivuli kimwangukiacho kuku ni kama kivuli cha mwewe.

Labda mmoja wenu atasema, "Mtetea wangu hakimbii. Nikimwekea mkono mgongoni huchutama na kutanua mbawa kidogo, akingoja nimchukue." Kuchutama ni kweli, lakini hangoji kuchukuliwa. Mtetea aliye katika siku za kutaga ndivyo afanyavyo mbele ya jogoo, na mkono wako umeshika tu mahali pa jogoo.

Habari ya utulivu wa kuku imewashangaza watu tangu zamani. Mwaka 1646 padri mmoja mwenye elimu nyingi, Athanasius Kircher, aliyekaa Roma, aliandika juu ya kuku aliyefungwa miguu na kulazwa sakafuni. Kuku akapapatika hata akachoka. Ndipo ukachorwa mstari wa chaki mbele ya jicho lake, na kamba ikafunguliwa. Ajabu ni kwamba kuku hakuondoka. Kircher alidhani kwamba kuku anauona mstari ule kuwa ndiyo kamba iliyomfunga. Siku hizi twajua kwamba chaki haina kazi yo yote. Kuku akishikwa kwa nguvu na kulazwa chali au ubavu, hukauka kama mfu kwa dakika nzima au zaidi, hata mkono ukiisha kuondolewa. Hiyo ni hila yake ya mwisho, maana mnyama mwindaji mara nyingine hulegeza kinywa adhanipo kwamba windo limekwisha kufa. Wachunguzi wa tabia za wanyama huipima hofu ya kuku kwa hali hiyo hiyo: kadiri hofu ilivyo kubwa, ndivyo akawiavyo kuinuka. Nimewaona vijana wakifanya mchezo huo na kucheka, wakisema kuku amelala usingizi. Siupendi hata kidogo.

Tena kuna mambo yaliyofichwa na manyoya. Mwaka 2000 Michel Cabanac na mwenzake walieleza kwamba kuku ashikwapo na mtu, bila ya kuumizwa wala kubanwa, mapigo ya moyo wake huongezeka na joto la mwili hupanda, kama mtu mwenye homa. Wakati huo huo damu hupungua katika undu, yaani ule upanga mwekundu wa kichwani, nao ukapoa. Kwa nje ndege amekaa kimya mapajani. Kwa ndani moyo unakwenda mbio.

Je, tuseme basi kwamba hakuna kuku apendaye kushikwa? Mimi sisemi hivyo, kwa sababu ya jambo nililoliona nyumbani kwetu.

Mdogo wangu, alipokuwa na umri wa miaka tisa, alikuwa na kuku kidimu, wa namna ile yenye manyoya yaliyopindika kama yamepeperushwa na upepo kinyumenyume. Kila alasiri alimkimbiza uani mpaka akamkamata, kisha akakaa naye barazani akimpapasa hata jioni. Siku moja bibi yetu, aliyefuga kuku tangu ujana wake, alimwambia, "Mjukuu wangu, mweke chini."

"Nimweke chini kwa nini, Bibi? Mbona ametulia?"

"Mweke tu, tuone atakwenda wapi."

Akamweka. Kidimu alijikung'uta, akaenda moja kwa moja chini ya ghala, asitoke mpaka jua likachwa. Bibi hakusema neno. Aliendelea kupepeta mchele wake. Mdogo wangu alilia sana, na kwa siku mbili hakutaka kula pamoja na Bibi, akimwona kuwa mkatili. Lakini mimi nasema kuku hakupata kuulizwa swali la haki kuliko lile. Ulimi wa kusema hana, ila miguu anayo, na akiachiliwa miguu hujibu.

Baada ya hapo mdogo wangu aliacha kumkimbiza. Alikaa juu ya kigoda, akamwaga chenga karibu na miguu yake, wala hakunyosha mkono. Kazi hiyo ilikuwa ngumu kwake kuliko kuchota maji, maana mikono yake ilikuwa ikimwasha kwa hamu ya kushika. Siku za kwanza kidimu alikula kwa mbali, shingo ameinyosha, tayari kukimbia. Baadaye akadonoa kiganjani. Masika yalipokaribia kwisha akaruka mwenyewe, akatua magotini. Mdogo wangu alimwita Bibi kwa kunong'ona, asije akamshtua.

Bibi akatazama, akasema, "Amefuata chenga."

Ilikuwa kweli, kwa hakika. Lakini zilipokwisha chenga kidimu hakushuka. Alikaa, akajichambua manyoya ya kifuani, akatoa sauti ndogo ya chini kama mtu asemaye peke yake, kisha akashuka kwa wakati alioutaka mwenyewe. Kama hayo yalikuwa mapenzi, au joto la nguo tu na mahali pazuri pa juu pa kukalia, sitabishana na mtu. Ila najua kwamba kuku hajichambui manyoya mbele ya mwewe.

Kuku wetu wengine hawakufika huko kamwe, ingawa walikula chenga zile zile. Kuku wana tabia mbalimbali kama watu. Tena yule kidimu alikuwa amekwisha kukomaa. Vifaranga huzoea kwa urahisi zaidi. Kifaranga ashikwaye kwa upole kila siku tangu mwanzo hupungukiwa na hofu ya watu, na hata yule azoeaye tu kumwona mtu amekaa karibu naye kwa utaratibu hupungukiwa nayo.

Kuna nyakati ambazo hatuwezi kungoja ridhaa ya kuku. Kideri ni ugonjwa uwezao kumaliza kuku wa kijiji kizima kwa siku chache, na chanjo yake itumikayo sana vijijini ni tone moja jichoni, nayo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Kuku asiyekamatika hachanjwi. Afadhali kumfuata usiku akiwa juu ya kitulio chake, maana gizani haoni vizuri wala hahangaiki sana. Mkono mmoja uwe chini ya kidari, ukiichukua na miguu, na wa pili uzilaze mbawa. Msimbane kifua! Kuku hana kiwambo cha kumsaidia kuvuta pumzi kama tulicho nacho sisi. Hupumua kwa kushusha na kuinua mfupa wa kidari, na mtoto amkumbatiaye kwa nguvu aweza kumwua huku akimbusu. Wala msimning'inize kwa miguu, kama wafanyavyo wachuuzi wanaowafunga kuku kumi kwenye baisikeli vichwa chini, matumbo yakiilemea mifuko yao ya hewa. Kuku hao nao huwa kimya kabisa.

Siku ya chanjo kuku wetu tuliwafuata usiku kwa taa, mmoja mmoja, na kelele zilikuwa nyingi. Kidimu peke yake alichanjwa mchana, juu ya magoti ya mdogo wangu. Tone lilipoingia jichoni alitikisa kichwa, akashuka, akaenda zake chini ya ghala. Siku ya pili hakuja. Siku ya tatu alikuja hata kabla ya chenga kumwagwa.