Karo ya Mtoto na Miti ya Sokoke

Mwaka jana kikundi chetu cha kanisa kilisafiri kutoka Mombasa hadi Watamu. Njiani nilikuwa nikihesabu fedha za kununua gunia la makaa wakati wa kurudi, kwa maana huko ni rahisi kuliko mjini.

Baada ya kupita mji wa Kilifi, upande wa kushoto tuliuona msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba 420 hivi. Humo anaishi bundi mdogo wa Sokoke, na mnyama kama panya mwenye pua ndefu na matako ya rangi ya dhahabu. Ni viumbe wanaopatikana mahali pachache sana duniani.

Tulikaribishwa na shirika la Kikristo la A Rocha Kenya. Walitukumbusha kwamba Adamu alipewa bustani pamoja na kazi ya kuilinda. Kisha tukatembea kwenye daraja la mbao linaloning'inia kati ya mikoko ya Mida, ambako samaki wadogo hujificha na kukua. Kiingilio cha daraja hilo husaidia kulipa karo za wanafunzi wa sekondari. Mpango huo ulianza mwaka 2001, kwa watoto wa familia zinazoishi kando ya msitu na mikoko. Familia hizo nazo hufundishwa kutunza msitu na kupanda miti nyumbani.

Kwa nini karo? Mama mmoja wa kijijini alinieleza: "Dada yangu, msitu naupenda. Lakini mtoto akifukuzwa shule, mti ndio ulio karibu."

Maneno hayo yalinichoma. Mimi ni muuguzi. Kila wiki nawashauri akina mama wasikae na watoto kwenye moshi wa kuni, maana huumiza vifua na kuleta nimonia. Lakini sikuwahi kujiuliza gunia langu lilitoka kwenye mti gani, wala ni karo ya nani iliyolifunga.

Wakati wa kurudi, dereva aliona magunia kando ya barabara. "Mama, nisimame?"

"Twende tu, mwanangu."

Nyumbani mama mkwe aliuliza, "Sasa tutapikia nini?" Swali lilikuwa la haki. Sasa tunaloweka maharagwe usiku kucha ili yaive upesi, sufuria hufunikwa, na tumenunua jiko linalotumia makaa machache. Makaa hatujaacha kabisa, lakini gunia linakaa muda mrefu zaidi. Akiba ile, pamoja na ya wenzangu, tunaiweka kwa ajili ya karo ya mtoto mmoja wa kanisani kwetu.

Dada mpendwa, kabla ya kununua gunia lijalo, uliza limetoka wapi. Kisha mwangalie jirani yako: je, mtoto wake yuko shuleni? Mungu aibariki kazi ya mikono yako.