Nembo, muhuri na upawa wa dada

Ukitaka kujua kama nembo ya biashara yako inafaa, usimwulize aliyekutengenezea, wala usiitazame kwenye kompyuta ambako kila kitu kinang'aa. Ipeleke kwa wale jamaa wanaotengeneza mihuri. Mwambie aipunguze iingie kwenye duara la sentimita tatu au nne, uigonge kwa wino wa buluu kwenye karatasi, karatasi hiyo uitoe fotokopi, na ile kopi uitoe kopi tena. Ukiona bado kuna kitu kinachoeleweka, una nembo. Ukiona doa, una doa.

Najua wengine mtacheka. Muhuri? Karne hii? Ndiyo, muhuri. Ndugu msomaji, hebu jaribu kupeleka ankara isiyo na muhuri kwenye ofisi yoyote hapa Dar uone utakavyoangaliwa. Tunaweza kulipana kwa simu, tukaagiza viatu kutoka China tukiwa kwenye daladala, lakini mhasibu akishika karatasi yako, cha kwanza anachotafuta ni muhuri.

Dada yangu alilijua hili kwa njia ngumu. Aliacha kazi ya mapokezi aliyoifanya miaka sita akaanza kupika: chakula cha mchana maofisini siku za kazi, shughuli mwisho wa wiki. Mtaji ulikuwa mkopo wa kikoba, milioni mbili. Katika hiyo, laki mbili alimlipa dizaina mmoja amtengenezee nembo. (Jina la biashara silitaji, maana atasema nimemtangaza bila ruhusa na bila kumpa asilimia.)

Niliiona siku hiyo hiyo kwenye WhatsApp. Kulikuwa na sufuria, na ndani ya sufuria moshi, na moshi ukapinda ukawa Mlima Kilimanjaro. Pembeni kijiko na uma vimekatizana. Juu yake yule mpishi mwenye sharubu na kofia ndefu nyeupe, mtu ambaye sijawahi kumwona kwenye shughuli yoyote Temeke. Chini jina kwa mwandiko wa kujikunja kunja kama wa kadi ya harusi, na chini ya jina maneno mengine madogo kuhusu ladha na ubora. Rangi tano, na kila rangi ina kivuli chake. "Mdogo wangu, umeionaje?" akaniuliza. Nikamwambia imejaa, dada. Akajibu, "Si ndiyo vizuri? Hela yangu imeonekana."

Nadhani hapo ndipo wengi wetu tunapopotelea. Tumelipa laki mbili, basi tunataka tuzione zote pale. Nembo yenye mistari mitatu inaonekana kama wizi.

Baada ya miezi miwili alilisha semina ya siku tatu ya ofisi moja ambayo nayo naiacha bila jina. Wakala, wakashukuru, akapeleka ankara. Ikarudi. Mhasibu alisema muhuri hausomeki, haoni kama jina ni lile lililo kwenye cheti cha TIN. Na kweli, nilipoutazama muhuri, Kilimanjaro, moshi na mpishi walikuwa wamekuwa kitu kimoja cheusi, na jina lile la kujikunja limekuwa uzi. Akaenda kutengeneza muhuri mwingine wa maandishi matupu, akaandika ankara upya, lakini malipo ya mwezi ule yalikuwa yameshapita. Alisubiri wiki tatu. Kikoba hakisubiri. Kila Jumamosi ni marejesho, ukichelewa ni faini, na nyinyi mnaowajua akina mama wa vikoba mnajua kwamba faini si kitu, kitu ni yale macho watakayokutazama. Aliuza friji ndogo.

Sasa, mimi si dizaina. Mimi ni mwandishi wa habari, kazi yangu ni kuuliza watu maswali. Basi nikaanza kuuliza. Nilimwuliza fundi wa kuchapa fulana, akaniambia kila rangi ina fremu yake na inapita peke yake, kwa hiyo nembo ya rangi tano ni kazi ya mara tano, na vivuli ndiyo usimwambie kabisa. Nilimwuliza anayedarizi sare, akasema mstari mwembamba kwenye uzi unapotea, na herufi ndogo zinaziba matundu. Nilimwuliza mchora mabango, mzee mwenye brashi masikioni kama kalamu, akaitazama nembo ya dada kwenye simu kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa upole: "Huyu mpishi lazima awepo?"

Kisha nikafanya jaribio langu la mtaani. Niliwaonyesha watu watano nembo ile kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi, nikaificha simu, nikawapa kalamu waichore. Wanne walichora sufuria. Mmoja alichora mtu mwenye kofia. Mlima, ambao dada ndio aliupenda kuliko vyote, hakuna aliyeukumbuka.

Halafu nenda duka lolote la vifaa vya ujenzi. Hakuna mteja anayetaja jina refu la kampuni. Anasema nipe Twiga mifuko kumi, au kama Simba ipo nipe Simba. Mfuko wa saruji ni mahali pabaya kuliko pote pa kuweka mchoro: karatasi ngumu ya kahawia, vumbi, umebebwa begani, umetupwa kwenye lori, umemwagikiwa maji. Na bado mtu aliye ng'ambo ya barabara anajua ni nini, kwa sababu ni mnyama mmoja, na mnyama huyo ana umbo ambalo hata mtoto wa chekechea analichora. Shingo ndefu, basi. Na ona jambo lingine: twiga hana uhusiano wowote na saruji. Hakuna mtu aliyewahi kwenda kiwanda cha Wazo Hill kulalamika kwamba nembo haionyeshi mawe ya chokaa.

Hili la kutaka nembo ionyeshe kila unachouza si letu peke yetu. Apple walipoanza mwaka 1976 nembo yao ya kwanza ilikuwa picha ya Isaac Newton amekaa chini ya mti, tufaha likining'inia juu, na maandishi yamezunguka fremu. Ilichorwa na Ronald Wayne, mmoja wa waanzilishi. Ukiipunguza iingie kwenye mashine, humwoni Newton. Mwaka uliofuata wakampa kazi Rob Janoff, akatoa tufaha lililong'atwa. Kwa maelezo yake mwenyewe, lile pengo la kung'atwa lilikuwa la kusaidia watu wasidhani ni tunda dogo la cheri. Yaani lilikuwa ufumbuzi wa tatizo la ukubwa! Sisi tuliobaki tumekaa miaka tunatafuta falsafa ndani yake.

Na hao wanaosema nembo nzuri lazima iwe ghali, niwakumbushe alama ya Nike. Mwaka 1971 mwanafunzi wa usanifu, Carolyn Davidson, alilipwa dola 35 kwa ile alama. Phil Knight mwenyewe hakuwa ameipenda sana alipoiona. (Baadaye, mwaka 1983, walimpa hisa za kampuni, kwa hiyo msimwonee huruma.) Ilianza kama mkunjo tu, hauna kiatu, hauna mwanariadha. Maana iliingia baadaye, kidogo kidogo, kutoka kwenye miguu ya watu waliovivaa vile viatu. Sisemi mumlipe dizaina elfu themanini na kumwambia hata Nike walilipa kidogo. Ninachosema ni kwamba unapolipa, unalipia akili ya kuondoa vitu, na hiyo ni kazi ngumu kuliko kuviongeza. Ile programu ya akili bandia iliyo kwenye simu yako itakuongezea vitu bila kuchoka, bure, na yule mpishi mwenye sharubu imempenda mno.

Kuna la kubadilisha pia. Dada alipokubali nembo imemshinda, alitaka kuibadilisha yote kesho yake, jina na rangi. Nikamwomba asubiri. Kampuni za simu zinaweza. Celtel ikawa Zain mwaka 2008, Zain ikawa Airtel mwaka 2010, Vodacom ikaacha buluu ikaingia kwenye nyekundu mwaka 2011, Tigo ikawa Yas mwishoni mwa mwaka 2024, na kila mara mafundi rangi walimwagwa mitaani, nyumba nzima zikabadilika sura. Na pamoja na rangi yote hiyo, mtaani kwetu bado kuna mama anayesema nitumie kwenye Tigo. Sasa wewe mwenye meza moja na wateja arobaini, ukibadilisha jina na rangi kwa pamoja, nani atakutafuta?

Kwa hiyo jina lilibaki. Rangi ya chungwa, ambayo wateja walikuwa wameshaizoea kwenye hotipoti zake, ilibaki. Vingine vyote vikaondoka. Dizaina wa pili, binti mdogo aliyesoma sanaa, hakuanza na kompyuta. Alikuja jikoni akakaa kwenye kigoda akatazama dada anavyofanya kazi. Akaona upawa. Ule wa kifuu cha nazi wenye mpini mrefu, wa marehemu bibi yetu kutoka Pangani, ambao dada anapakulia mchuzi mpaka leo ingawa ana vijiko vya chuma vya kila saizi. Nusu duara na mstari. Jina likakaa pembeni kwa herufi nene zilizosimama wima. Rangi moja.

Tuliipeleka kwanza kwa mtengeneza mihuri, kabla ya kumlipa nusu iliyobaki. Ilitoka. Fotokopi ya kopi, ikatoka. Mzee wa mabango aliimaliza kwenye ukuta kabla chai yake haijapoa, akatoza nusu ya bei aliyokuwa ametaja kwa ile ya kwanza, na hakuuliza swali lolote.

Jambo moja ambalo watu wengi hulichanganya, na nililithibitisha kabla ya kuliandika hapa: kusajili jina la biashara BRELA si kusajili nembo. Ni vitu viwili, maombi mawili. Nembo inaingia kama alama ya biashara au huduma, chini ya sheria ya mwaka 1986. Ikikubaliwa unailinda kwa miaka saba, kisha unaihuisha kwa miaka kumi kumi. Na ulinzi huo ni wa Bara. Ukivuka kwenda Zanzibar unasajili upya kule. Unaomba kwa kundi la bidhaa au huduma, na upishi wa dada uko kundi la 43. Usisubiri mpaka ukue. Alama ya kwanza kabisa kusajiliwa Uingereza, mwaka 1876, ilikuwa pembetatu nyekundu ya bia ya Bass. Pembetatu tu! Tena kitu chepesi kinaigwa kwa urahisi, kwa hiyo kadiri nembo yako ilivyo nyepesi ndivyo unavyohitaji ile karatasi.

Ombi la dada lipo BRELA, anasubiri. Kikoba amekimaliza mwezi uliopita, friji bado. Aproni nne zimeshadariziwa, na mbili kati ya hizo mpini wa upawa umetoka mfupi. Fundi alitaka kuzifumua, dada akakataa, akasema hizo atavaa yeye.